Wiki moja kwa baiskeli kando ya mto Danube

Katika nchi yetu baiskeli ni punda wa chuma. Alfajiri hubeba mitungi ya maziwa, adhuhuri magunia ya makaa, na jioni mtoto aliyechelewa kutoka shuleni. Hata jina la boda boda tulilipata kwa vijana wa Busia waliokuwa wakivusha abiria mpakani kwa baiskeli. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kuna baba na mama wanaochukua likizo ya wiki nzima, wakawapandisha watoto wao baiskeli na kunyonga kilomita 320, na tena wakalipa ili wapate kufanya hivyo, huenda ukacheka.

Usicheke kwanza. Safari hiyo ipo, na kila mwaka maelfu ya watu huifanya. Huanzia mji wa Passau, ulio mpakani mwa Ujerumani na Austria, na kuishia Vienna, mji mkuu wa Austria. Njia yake inafuata mto Danube, ambao wenyeji huuita Donau. Watu wengi hudhani kwamba safari hii ni ya wanariadha au matajiri. La hasha! Mtoto wa miaka kumi huimaliza, na ajuza wa miaka 70 pia. Siri yake ni mto wenyewe, na jinsi wenyeji walivyoamua kuutunza.

Mto ndio ulioisawazisha njia

Danube una urefu wa takriban kilomita 2,850. Unachimbuka katika Msitu Mweusi huko Ujerumani, unapitia au kupakana na nchi kumi, na kumwaga maji yake katika Bahari Nyeusi. Kati ya Passau na Vienna mto huu unateremka kwa mita 140 hivi tu. Gawanya mita hizo kwa kilomita 320 nawe utaona kwamba ni kama kwenda kwenye meza iliyoinamishwa kidogo tu. Isitoshe, upepo wa huko mara nyingi huvuma kutoka magharibi, yaani unakusukuma mgongoni. Ndiyo sababu karibu kila mtu huanzia Passau, wala si Vienna.

Njia yenyewe ina historia. Zamani, kabla ya meli za mvuke, matishari ya chumvi, divai na nafaka yalishuka na mkondo wa maji bila taabu. Kupanda kulikuwa kazi nyingine. Makumi ya farasi walifungwa kamba nene, wakayakokota matishari hayo hatua kwa hatua wakipita ukingoni. Katika karne ya 19 meli za mvuke ziliwapokonya farasi kazi yao, na njia zao zikabaki bure. Wangeweza kuziacha ziote magugu, au kumwuzia mtu mwenye fedha ajenge hapo hoteli yake. Badala yake, kuanzia miaka ya 1980, sehemu kubwa ya njia hizo zilitiwa lami na kupewa waendesha baiskeli. Leo unaweza kwenda saa nzima bila kukutana na gari hata moja.

Siku ya kwanza na ya pili: mto unaojikunja

Passau ni mji wa mito mitatu. Danube, Inn na Ilz hukutana hapo, na kila mmoja huja na rangi yake. Ukisimama kwenye ncha ya mji utayaona maji yakienda bega kwa bega kwa muda kabla ya kukubali kuchanganyika. Kabla hujaondoka, nenda ukaone mnara wa ofisi za mji. Ukutani pana alama zinazoonyesha jinsi mafuriko yalivyopanda mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Juni 2013 maji yalifika mita 12.89, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka wa 1501. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watu wa Passau wameliandika la mkuu ukutani ili mjukuu asiseme hakuambiwa.

Siku ya kwanza usijitie ushujaa. Kilomita 40 zatosha, nazo zitakufikisha Schlögen. Hapo mto umegonga mwamba mgumu, ukageuka na kurudi ulikotoka karibu kabisa kabla ya kupata upenyo. Yafunge baiskeli chini, upande mlima kwa miguu kama nusu saa, na utaiona pinda hiyo yote kwa mara moja, maji ya kijani yakizungukwa na msitu. Mahali pamoja hapa mlima umeshuka hadi majini bila kuacha hata nafasi ya njia, kwa hiyo utavushwa kwa mashua ndogo pamoja na baiskeli yako.

Siku ya pili ni kilomita 55 hivi hadi Linz, mji wa viwanda vya chuma. Wanafunzi wanaosoma makala haya watafurahi kujua kwamba mwanahisabati Johannes Kepler aliishi hapa tangu mwaka wa 1612. Mwaka uliofuata alioa, akanunua mapipa ya divai kwa ajili ya harusi. Mwuzaji alitia kijiti ndani ya pipa, akatazama kiliposhika maji, akataja bei. Kepler hakuridhika. Alikwenda kupiga hesabu ya ujazo wa mapipa, na mwaka wa 1615 akachapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo. Hesabu zake zilisaidia kufungua njia ya ile hisabati inayoitwa kalkulasi. Basi mwalimu akikuambia kwamba hisabati iko kila mahali, hata harusini, mwamini.

Siku ya tatu: mahali pa kunyamaza

Kiasi cha kilomita 25 baada ya Linz utafika Mauthausen. Ukiitazama kutoka ukingoni, ni kijiji kizuri chenye nyumba za rangi na maua madirishani. Juu mlimani, lakini, pana kuta za mawe. Hiyo ndiyo kambi ya mateso iliyofunguliwa na serikali ya Hitler mwezi wa Agosti 1938. Watu wapatao 190,000 kutoka nchi nyingi walifungwa hapo na katika kambi ndogo zilizokuwa chini yake. Wasiopungua 90,000 waliuawa. Walifanyizwa kazi katika machimbo ya mawe, wakipandisha mawe mgongoni kwa ngazi ya vidato 186. Wengi walianguka hapo hapo na kufa. Majeshi ya Marekani yaliikomboa kambi hiyo tarehe 5 Mei 1945.

Wasafiri wengine hupita bila kupanda, wakisema wamekuja likizo. Mzazi ndiye atakayeamua. Ushauri wetu ni kwamba mtoto mdogo asipelekwe, lakini kijana aliyetimiza miaka 14 na aende, na mzazi aende naye ili amjibu maswali yake. Bonde hili ni zuri mno, na ni vyema kijana ajue kwamba uzuri wa mahali haumzuii binadamu kumtendea mwenzake unyama. Waliokuwa wakiishi chini ya mlima ule waliona moshi.

Jioni ya siku hiyo utalala Grein, mji mdogo wenye jumba la maonyesho la mwaka wa 1791. Viti vyake vya zamani vilikuwa na kufuli. Aliyelipia kiti alikifunga akaondoka na ufunguo, na hakuna aliyeweza kukikalia. Naam, wazee hao hawakuwa na mchezo na fedha zao!

Siku ya nne: maji ya umeme

Baada ya Grein bonde linabana. Zamani mabaharia walisali wakifika hapa kwa sababu ya miamba na mizunguko ya maji. Miamba ililipuliwa kwa baruti, na baadaye mabwawa ya umeme yakayatuliza maji. La kwanza la Austria katika mto huu, lile la Ybbs-Persenbeug, lilikamilika mwaka wa 1959. Kati ya Passau na Vienna utaona mabwawa kadhaa ya namna hiyo, na juu ya baadhi yake ndipo utakapovukia kwenda ng'ambo. Simama kidogo uwaonyeshe watoto jinsi meli inavyoingia katika chumba cha maji, mlango ukafungwa, maji yakashushwa, kisha ikatoka upande wa pili ikiwa chini kuliko ilivyoingia.

Wakenya hatuna haja ya kuelezwa maana ya mabwawa kama haya. Sisi wenyewe tumeupanga mto Tana hivyo hivyo, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na taa zetu za Nairobi zinawashwa na maji hayo. Umeme ni neema. Hata hivyo, kesho yake utaona jambo ambalo watu wa Danube walilifikiria mara mbili.

Siku hii ya kilomita 50 inaishia Melk. Utaiona abasia yake kutoka mbali, ya rangi ya manjano, imekaa juu ya mwamba kama meli iliyopanda nchi kavu. Watawa Wabenedikto wamekuwa hapo tangu mwaka wa 1089, na jengo linaloonekana leo lilijengwa kati ya mwaka wa 1702 na 1736. Ndani mna maktaba ambayo humfanya mtoto mtundu aongee kwa kunong'ona. Shule ya watawa hao ingali inafundisha hadi leo.

Siku ya tano: bonde lililosema hapana

Kutoka Melk hadi Krems ni kilomita 36 tu, na hizi usizikimbie. Ndilo bonde la Wachau, kiini cha safari yote. Pande zote mbili milima imekatwa matuta kama yale ya Machakos, ila haya yamezuiwa kwa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na juu yake kuna mizabibu. Chini kuna miti ya aprikoti, tunda la rangi ya machungwa lililo jamii moja na plamu. Mwezi wa Julai wakulima huyauza kando ya njia. Nunua kilo moja, mkae chini ya mti, mle, kisha mnawe mikono mtoni.

Katika kijiji cha Willendorf, mwaka wa 1908, wachimbaji walifukua kisanamu cha mwanamke kilichochongwa kwa jiwe. Urefu wake ni sentimita 11 tu na umri wake takriban miaka 30,000. Chenyewe kimewekwa katika makumbusho ya Vienna. Mbele zaidi, juu ya mji wa Dürnstein, kuna magofu ya ngome. Humo ndimo Mfalme Richard wa Uingereza, yule aliyeitwa Moyo wa Simba, alimofungwa baada ya kukamatwa mwezi wa Desemba 1192 akirudi kutoka vita vya msalaba. Kukombolewa kwake kuliwagharimu raia wake fedha nyingi mno.

Bado hujaona feri. Katika Wachau kuna feri ambazo hazina injini wala tone la mafuta. Zimefungwa kwenye kamba ya chuma iliyotandazwa juu ya mto. Nahodha hugeuza usukani, mkondo wa maji huisukuma feri kwa ubavu, nayo huvuka polepole, kimya. Anayeijua foleni ya Likoni atakaa hapo akastaajabu.

Feri hizo zaweza kwenda kwa sababu maji ya Wachau bado yanakimbia. Na kukimbia kwake si bahati. Palikuwa na mpango wa kujenga bwawa jingine la umeme humu humu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakulima, walimu na wenye nyumba za wageni walijiunga, wakapinga, wakaandika barua na kufanya mikutano hadi mpango ukaachwa. Mwaka wa 2000 Wachau iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, orodha ambayo mji wetu wa kale wa Lamu uliingia mwaka uliofuata. Kama wangenyamaza, leo ungekuwa ukipita kando ya ziwa lililotulia, na kamba za feri zingekuwa katika makumbusho.

Siku ya sita na ya saba: hadi Vienna

Kati ya Krems na Tulln, umbali wa kilomita 45 hivi, fuata ukingo wa kusini. Huko Zwentendorf utakuta jengo kubwa la kijivu. Ni mtambo wa umeme wa nyuklia uliojengwa ukakamilika, na haukuwashwa hata siku moja. Tarehe 5 Novemba 1978 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 50.5 wakaukataa. Unaweza kukubaliana nao au kubishana nao, maana fedha zilikuwa zimekwisha tumika. Lakini jambo moja ni wazi: waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likaheshimiwa.

Siku ya mwisho ni kilomita 40 hivi, nawe utaingia Vienna bila kupigania barabara na magari. Utapita kando ya kisiwa cha Danube, chenye urefu wa kilomita 21. Kisiwa hiki kiliundwa na binadamu kati ya mwaka wa 1972 na 1988. Walichimba mfereji wa pili wa kupitisha maji ya mafuriko, na udongo waliouchimba wakaufanya kisiwa. Hawakukiuza viwanja. Leo familia huogelea hapo na kuendesha baiskeli bila kulipa kitu, na siku mto unapofura, maji yana mahali pa kwenda. Sisi tulioona nyumba za kando ya mto Mathare zikisombwa mwaka wa 2024 tuna la kujifunza hapa.

Kabla ya kurudisha baiskeli, nendeni Prater, bustani iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka wa 1766. Katikati yake kuna barabara iliyonyooka kwa zaidi ya kilomita nne, miti ikiwa pande zote. Ni barabara hiyo hiyo ambayo Eliud Kipchoge alikimbilia tarehe 12 Oktoba 2019 na kumaliza masafa ya marathoni kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Waache watoto wajaribu kumfuata kwa baiskeli kwa mwendo ule wake wa kilomita 21 kwa saa. Watapumua!

Ya kujua kabla ya kufunga mizigo

Kwanza, visa. Austria na Ujerumani hutumia visa moja ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima. Omba kwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na uombe mapema. Mwanafunzi aliye tayari huko masomoni ana ruhusa yake. Kwake safari hii ni ya likizo ya kiangazi.

Pili, baiskeli hukodishwa Passau na kampuni nyingi huzipokea Vienna. Zipo za watoto, zipo vigari vya kukokota mtoto mdogo, na zipo za betri kwa babu na nyanya. Mizigo yako yaweza kupelekwa kwa gari hadi utakapolala. Sheria ya Austria yataka mtoto aliye chini ya miaka 12 avae helmeti. Na usisahau: huko hupita upande wa kulia! Siku ya kwanza mzazi mmoja atangulie na mwingine awe nyuma.

Tatu, malazi na chakula. Nyumba nyingi za familia hupokea wageni kwa usiku mmoja pamoja na chakula cha asubuhi. Maji ya bomba ya Austria hunyweka bila kuchemshwa, basi jaza chupa bila kununua. Ndugu Waislamu waulize kabla ya kula, kwani nyama ya nguruwe huingia katika vyakula vingi. Mkikutana na mzee njiani atawaambia "Grüß Gott", salamu yenye jina la Mungu ndani yake. Mwitikieni vivyo hivyo.

Nne, msimu. Mei hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Mwezi wa Juni jua hutua karibu saa tatu usiku, kwa hiyo hakuna haraka. Mvua kubwa ikinyesha, uliza kama njia iko wazi. Mwezi wa Septemba 2024 mafuriko yalilikumba vibaya jimbo hilo la kabla ya Vienna.

Bila shaka wengi wetu hatutapata nauli mwaka huu. Hiyo si sababu ya miguu kulala. Familia ya Nairobi inaweza kuanzia msitu wa Karura, ambako baiskeli hukodishwa na njia hupita chini ya miti hadi kwenye maporomoko ya maji. Nao Karura haukujitunza wenyewe. Mwaka wa 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa langoni pake kwa kukataa ugawanywe viwanja. Jumamosi hii wapelekeni watoto wakanyonge baiskeli pale, na mkipumzika waelezeni ni kwa nini miti hiyo bado imesimama. Safari njema.